Wasiachwe Roho Juu

Tarehe 18 Januari 2023, mkuu wa Microsoft, Satya Nadella, aliwaandikia wafanyakazi kwamba nafasi 10,000 zingepunguzwa hadi mwisho wa Machi. Baadhi walijulishwa siku hiyohiyo. Waliobaki walifungua barua pepe kila asubuhi wakijiuliza kama zamu yao imefika.

Kwa mhandisi mgeni mwenye viza ya kazi ya H-1B, hofu hiyo ni nzito zaidi. Akipoteza kazi, kwa kawaida ana siku zisizozidi 60 za kupata mwajiri mwingine, kubadili aina ya viza au kuondoka Marekani. Ana kodi ya nyumba, ana watoto walio katikati ya muhula, pengine na wazazi wanaomtegemea kwao. Mtu huyu ataandikaje programu kwa utulivu?

Hatupingi kampuni kubana matumizi. Tunapinga kutangaza idadi leo, kisha kumwambia mhusika baada ya wiki kadhaa. Uongozi ukamilishe orodha kwanza, ndipo useme. Na anayeondoka aambiwe na msimamizi wake, ana kwa ana, kabla akaunti yake haijafungwa.