Kura ya Mke si Mali ya Mume

Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015 ziliripotiwa hapa Visiwani habari za wanawake walioachwa na waume zao kwa sababu ya kura. Kosa lao lilikuwa kumpigia kura mtu ambaye waume zao hawakumtaka. Tunalirejea jambo hili kwa kuwa uchaguzi wa 2030 hauko mbali, na hatujaridhika kwamba khatari hiyo imeondoka.

Haki hii haikuokotwa njiani. Katika uchaguzi wa Julai 1957 viti vilivyogombewa vilikuwa 6, na wapiga kura wote walikuwa wanaume, tena wale tu waliotimiza masharti ya umri, elimu au mali. Wanawake walidai. Januari 1961 wakapiga kura kwa mara ya kwanza, na ilipofika Julai 1963 kila mtu mzima alikuwa na kura yake. Serikali ya kikoloni, pamoja na ubakhili wake wote, haikuandika popote kwamba kura ya mke ipitie kwa mume.

Wageni wanaofika Kidichi hupelekwa kutazama hamamu aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Ni jengo zuri. Lakini katika mashamba yanayolizunguka wapo wanawake wanaochambua karafuu, wanaoanika, wanaojua kikombe kinauzwaje na mnunuzi yupi anapunja. Mtu anayeaminiwa kupima mavuno ya nyumba nzima tunaambiwa hawezi kumpima mgombea! Na aliyeingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000 kwa viti maalumu, kisha akashinda jimbo la Makunduchi mwaka 2010, ndiye aliyeapishwa kuwa Rais wa Muungano mwaka 2021.

Kura ni siri, na kumtisha mpiga kura ni kosa. Tunaiomba Tume ya Uchaguzi ipeleke elimu ya kura barazani na misikitini, waliko wanaume, isiishie kwenye vikundi vya akina mama. Masheha nao wasikubali maelezo ya mume badala ya mke anapokuja kuandikishwa. Na maulamaa, ambao neno lao lina uzito majumbani kuliko tangazo lolote la Serikali, watamke wazi juu ya talaka za namna hii kabla ya kampeni kuanza.