Nukuu Zisizo na Alama: Sikio Nalo Lifundishwe

Katika kitivo cha lugha, mwanafunzi hukutana mapema na neno mwingilianomatini. Huambiwa kwamba Julia Kristeva ndiye aliyelianzisha kwa Kifaransa katika miaka ya 1960, hunakili fasili yake, na siku ya mtihani huirudisha kama ilivyo. Lakini mpe shairi lililomeza shairi jingine bila kulitaja, hasikii kitu. Maoni yangu ni kwamba tunafundisha jina la jambo kabla ya kulifundisha sikio kulitambua. Muziki wa jazi unaweza kutusaidia kuugeuza mpangilio huo.

Mpiga jazi anapotunga papo hapo, mara nyingi huchomeka kipande cha wimbo mwingine ndani ya ule anaoupiga. Hakuna alama za kufungua wala za kufunga. Kipande chenyewe huweza kuwa na noti chache tu. Hupandishwa au kushushwa, huharakishwa au kuvutwa, ili kikubaliane na akodi zinazopita chini yake, kisha hupotea. Na maneno hayapo, maana saksofoni haitamki. Ni kama mzee barazani anayesema "haba na haba" akanyamaza: mgeni husikia maneno matatu, mtoto wa nyumbani husikia mpaka kibaba kilichojaa.

Mfano unaowafaa watu wa lugha ni Ella Fitzgerald akiimba How High the Moon mjini Berlin, Februari 1960. Akishamaliza maneno ya wimbo, anaendelea kwa dakika kadhaa kwa silabi zisizo na maana ya kamusi, na ndani ya silabi hizo anapitisha vipande vya nyimbo zaidi ya kumi. Kimojawapo ni Ornithology, ambao Charlie Parker na Benny Harris waliujenga juu ya akodi za How High the Moon huo huo. Mtoto anarudishwa kwa mama yake. Baadaye anagusa Smoke Gets in Your Eyes, lakini ule moshi wa jina la wimbo anaugeuza kuwa jasho, naye yuko jukwaani katikati ya kazi ngumu. Asiyeujua wimbo wa asili hawezi kucheka.

Mtu atasema: hizo ni nyimbo za Wamarekani, sisi tutazijulia wapi? Si zote. Kati ya vipande hivyo mna The Peanut Vendor, yaani El Manisero wa Kuba, ambao okestra ya Don Azpiazú iliurekodi mwaka 1930. Santuri za Kuba za mfululizo wa GV zilianza kufika Kongo katika miaka hiyo ya 1930, na rumba yetu ilichota mengi humo. Kwa hiyo msikilizaji wa Lubumbashi au Bukavu haingii katika rekodi ya Berlin mikono mitupu. Ana akiba, ila hajafundishwa kuitumia.

Wapo pia wanaosema kwamba kunukuu ni uvivu, njia rahisi ya kuwafurahisha watu mawazo yanapokauka. Mara nyingine ni kweli, kama ilivyo kwa msemaji anayepanga methali kumi bila hoja. Ndiyo sababu swali la "ni wimbo gani?" ni mlango tu. Swali lenyewe ni "kwa nini hapa?" Mwaka 1949, katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, Parker alikuwa akipiga Cheryl, na ghafla akaingiza ule mwanzo wa tarumbeta ambao Louis Armstrong aliurekodi katika West End Blues mwaka 1928. Wakati huo wapenzi wa jazi ya zamani na wale wa bibopu walikuwa wakigombana, na Armstrong mwenyewe hakuificha chuki yake kwa mtindo huo mpya. Mimi nasikia katika noti zile kijana akipiga hodi kwa mzee wake mbele ya watu wote. Mwingine atasikia mashindano. Mjadala huo ndio uhakiki.

Sikio hufunzwa kwa kazi. Kwanza, imba wimbo wa asili mpaka uweze kuuvumisha bila maneno, kwa sababu ndivyo ala itakavyoupiga. Pili, jua maneno yake pia: Dexter Gordon alikuwa na desturi ya kuwatamkia wasikilizaji maneno ya wimbo wa polepole kabla ya kuupiga kwa saksofoni. Tatu, sikiliza rekodi moja mara nyingi kuliko rekodi nyingi mara moja.

Kwa hiyo nawaomba wahadhiri wetu jambo dogo. Somo la mwingilianomatini lianze kwa rekodi ile ya Berlin, ipigwe kwa simu na kipaza sauti kidogo, kabla ya fasili yoyote kuandikwa ubaoni. Kila mwanafunzi aandike alichokitambua na dakika alipokisikia. Wiki inayofuata tufanye vivyo hivyo kwa ushairi wa Kiswahili. Na katika mtihani, badala ya "fafanua mwingilianomatini", tuulizwe: umesikia nini, na kwa nini kipo hapo?