Asiye na Namba ya Jeshi, Je, Hakufa?

Mwaka jana niliiandikia ofisi moja ya kumbukumbu nikimuulizia kijana wa Lipingo aliyekufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Alikuwa mdogo wake baba wa babu yangu. Baada ya miezi minne nilijibiwa kwa sentensi moja: nitaje namba yake ya jeshi, kikosi chake na tarehe aliyokufa. Niliombwa kile kile nilichokuwa nikikitafuta.

Nilichonacho ni masimulizi ya shangazi. Kijana alichukuliwa akiwa hajaoa, akapandishwa kwa miguu kwenda Songea, hakurudi. Jina la mama yake linajulikana. Jina lake mwenyewe wamelirithi watoto watatu wa ukoo, kila mmoja baada ya mwenzake kufa. Jambo ambalo masimulizi hayalisemi ni sare aliyovaa.

Na sare kwetu ni swali gumu. Tarehe 13 Agosti 1914, katika Liuli iliyo jirani yetu, Waingereza wakiwa na meli yao Gwendolen waliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Mwaka 1916 Waingereza wakaingia Songea, na vijana wa nyumba zile zile wakahitajiwa na bwana mwingine. Mwishoni mwa Septemba 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck likavuka tena Ruvuma likitokea Msumbiji, likapita Ungoni. Nyumba moja iliweza kutoa askari kwa bendera mbili na mpagazi kwa zote.

Kutojulikana kwa watu hawa hakukuwa bahati mbaya. Gavana Horace Byatt wa Tanganyika alitaka makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori upesi. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, ina bunduki na singe. Jina la mtu haina.

Lakini wakoloni waliondoka mwaka 1961. Tangu hapo, ni nani aliyetuzuia kuuliza?

Wapo wasomi wenzangu wanaosema: hao walikuwa mamluki wa mkoloni, mashujaa wetu ni wa Maji Maji. Sikatai kwamba askari wa pande zote mbili walipora vyakula vya wanavijiji. Hata hivyo, mtoto aliyenusurika njaa iliyofuata vita vya 1905 hadi 1907 ndiye aliyekuwa kijana wa kuchukuliwa 1914. Huwezi kumlilia baba aliyenyongwa Songea kisha ukamkana mwanawe aliyeswagwa na serikali ile ile iliyomnyonga baba. Kumwandika mtu si kumpa nishani, ni kukiri kwamba aliishi.

Kwa hiyo nasema na ninyi, watumishi wa umma. Afisa mtendaji wa kijiji anayeandikisha kaya kwa ajili ya mbolea ya ruzuku hashindwi kuandika kwamba kaya fulani ilipoteza kijana vitani. Madaftari ya ubatizo ya misheni yafunguliwe kwa watafiti. Masimulizi ya wazee yapokewe kama ushahidi wa kupimwa, si hadithi za kupitishia jioni. Nanyi wanafunzi wangu mnaoniletea mada za tasnifu zilizonakiliwa kutoka mahali pengine: nendeni likizo kwenu, mkawaulize bibi zenu jina la asiyerudi. Shangazi yangu ana miaka themanini na saba. Hana muda wa kusubiri mchakato.

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunaweka mkuki na ngao, tunapiga tarumbeta, tunarudi nyumbani. Heshima isiyo na majina ni nyepesi kwa serikali, kwa sababu haimdai mtu yeyote jibu.

Ofisi ile bado inasubiri namba. Nimewapelekea jina la mama yake.