Kisahani cha Spiriti: Somo Lililo Jikoni

Jiko la mafuta ya taa linalopigwa pampu ni chombo ambacho watu wengi wamekiona, lakini ni wachache wanaoweza kueleza kwa nini haliwashwi moja kwa moja kwa njiti ya kiberiti kama lile la utambi. Mwenye jiko humimina spiriti kidogo katika kisahani kilicho chini ya kichwa cha jiko, akaiwasha, akangoja mpaka ikaribie kwisha, kisha akafunga skrubu ya kutolea hewa na kupiga pampu. Mwali wa buluu hutokea na jiko huanza kuvuma. Akikosa spiriti hutumia mafuta ya taa yenyewe, vipande vya karatasi au, kwa bahati mbaya, petroli.

Maoni yangu ni kwamba desturi ya kutumia spiriti ni sahihi kisayansi, nayo yastahili kufundishwa katika shule zetu za sekondari pamoja na sababu zake na hatari zake. Mtu anayefuata desturi asiyoielewa huiacha siku ile inapomgharimu shilingi chache. Au huifuata kwa namna inayomletea madhara makubwa kuliko yale aliyotaka kuyaepuka.

Jiko la namna hii lilibuniwa mjini Stockholm, nchini Uswidi, mwaka 1892, na Frans Wilhelm Lindqvist, likauzwa duniani kote kwa jina la Primus. Fridtjof Nansen alikuwa nalo katika safari yake ya barafu ya Kaskazini kati ya mwaka 1893 na 1896. Roald Amundsen alilichukua alipokwenda Ncha ya Kusini ya dunia mwaka 1911. Na wapandaji walioufikia mlima Everest mwaka 1953 waliyeyusha theluji kwa majiko hayohayo ili wapate maji ya kunywa. Taa ya karabai, ambayo kwa miaka mingi iliwamulikia wavuvi wa dagaa katika maziwa yetu, hutumia kanuni ileile. Basi chombo hiki si cha watalii peke yao, wala hakikuwa kigeni majumbani mwetu.

Tuanze na mafuta yenyewe. Mafuta ya taa ni mchanganyiko wa hidrokaboni nyingi, na mchanganyiko huo huchemka baina ya digrii 150 na 300 za Sentigredi hivi. Katika halijoto ya kawaida ya chumba, mvuke unaotoka juu yake ni haba mno kuweza kushika moto. Kwa kawaida ni lazima mafuta hayo yafikie digrii 38 au zaidi ndipo mvuke wake uwake ukikaribiwa na mwali. Katika jiko la utambi, uzi huyanyonya mafuta kidogo kidogo, na moto wa juu huyageuza kuwa mvuke. Jiko la pampu halina utambi. Hewa iliyoshindiliwa ndani ya tangi huyasukuma mafuta yapande katika bomba mpaka kwenye kichwa cha jiko, yatokee kwenye tundu dogo sana.

Ikiwa kichwa hicho ni baridi, mafuta hutoka yakiwa kiowevu. Hurusha mchirizi, hulowesha jiko, na yakiwashwa hutoa mwali mrefu wa manjano uliojaa moshi, ambao waweza kuruka hata kwenye uso wa mpishi. Lakini ikiwa kichwa ni cha moto wa kutosha, mafuta hugeuka mvuke kabla ya kulifikia tundu. Mvuke huo hutoka kwa kasi, huivuta hewa iliyo pembeni na kuchanganyika nayo, kisha huwaka kwa mwali mfupi wa buluu. Tangu hapo, mwali wenyewe huendelea kulipasha bomba joto, na jiko hujitegemea. Kwa hiyo jiko la pampu ni kama biashara inayohitaji mtaji wa kwanza: lisipopewa joto la kuanzia haliwezi kuzalisha lake. Spiriti ndiyo mtaji huo.

Kwa nini iwe spiriti na si kitu kingine? Sababu ya kwanza ni wepesi wake wa kugeuka mvuke. Sehemu kubwa ya spiriti ni ethanoli, ambayo huchemka kwenye digrii 78, na mvuke wake huweza kushika moto hata katika hali ya kawaida ya hewa yetu. Haihitaji utambi wala kupashwa joto kwanza.

Sababu ya pili ni usafi wa moto wake. Katika gramu 46 za ethanoli, kaboni ni gramu 24 tu, yaani asilimia 52. Tukiichukua hidrokaboni yenye atomi 12 za kaboni na 26 za hidrojeni iwe mfano wa mafuta ya taa, tutaona kwamba kaboni yake yafikia kama asilimia 85. Zaidi ya hayo, molekuli ya ethanoli tayari ina oksijeni ndani yake. Mwanafunzi akisawazisha milinganyo ya kuungua atapata kwamba gramu moja ya ethanoli yahitaji kama gramu 2.1 za oksijeni, hali gramu moja ya hidrokaboni ile yahitaji kama gramu 3.5. Ndiyo maana spiriti ikiungua wazi katika kisahani haiachi masizi, bali mafuta ya taa yakiunguzwa katika kisahani kilekile hukipaka kichwa chote weusi, na taka hiyo hukaa karibu na tundu ambalo hata chembe ndogo yatosha kuliziba.

Sababu ya tatu ni kwamba ethanoli huchanganyika na maji kwa kiasi chochote, hivyo maji mengi huweza kuuzima moto wake. Petroli huelea juu ya maji, ikasafiri nayo huku inawaka. Mafuta ya taa nayo ni vivyo hivyo; jiko lililokwisha kushika moto wa mafuta lizimwe kwa mchanga au kwa kufunikwa, si kwa ndoo ya maji.

Yuko atakayesema kwamba petroli hupatikana kwa urahisi zaidi na huwaka upesi kuliko spiriti. Ni kweli, na hapo ndipo ilipo hatari. Mvuke wa petroli huweza kushika moto hata kwenye digrii 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na ukiukuta moto ulioko upande wa pili wa chumba humrudia aliyeumwaga. Wepesi wa kuwaka si sifa njema pasipo mipaka. Twataka kitu kinachowaka kwa hiari yetu, si kwa hiari yake.

Wengine hulalamika juu ya gharama. Basi na tuhesabu. Mililita 10 za spiriti zina uzito wa gramu 8 hivi, na zikiungua hutoa takriban kilojuli 200. Tuseme kichwa cha jiko kimetengenezwa kwa gramu 200 za shaba nyeupe, ambayo yahitaji kama juli 0.38 kwa kila gramu kwa kila digrii moja. Kukipandisha kutoka digrii 25 hadi 300 kwahitaji kama kilojuli 21, yaani sehemu moja tu kati ya kumi ya joto lililotolewa. Sehemu tisa huchukuliwa na upepo na hewa. Hesabu hii yatufunza kwamba anayetaka kubana matumizi asiiache spiriti, bali alikinge jiko lake na upepo wakati wa kuliwasha. Atafanikiwa kwa kiasi kidogo zaidi, wala hatalazimika kuongeza mara ya pili.

Kuongeza mara ya pili ndiko hasa kunakonifanya niandike makala haya. Mwali wa spiriti ni hafifu, na katika mwanga wa jua karibu hauonekani. Mtu hukitazama kisahani akadhani moto umezimika, akainamisha chupa ili aongeze. Moto uliojificha huupanda mchirizi wa spiriti, huingia katika chupa iliyojaa mvuke na hewa, na kilichomo hutoka mdomoni mwa chupa kama mshale wa moto. Anayeungua si lazima awe yule aliyeishika chupa. Aghalabu ni aliyesimama mbele yake.

Jambo hili si la kubuni. Mnamo Septemba 2014, katika shule moja ya mjini Denver, Marekani, mwalimu alikuwa akiwaonyesha wanafunzi jaribio la moto kwa methanoli, ambayo ni ndugu wa ethanoli. Alipomimina kutoka katika chupa kubwa, moto uliruka kutoka mdomoni mwa chupa na kumuunguza vibaya mwanafunzi aliyeketi mita kadhaa kutoka hapo. Mwezi uliofuata, bodi ya taifa hilo inayochunguza ajali za kemikali ilitoa mafunzo yake, na la msingi miongoni mwayo ni kwamba chupa kubwa isiletwe kabisa mahali pa jaribio ikiwa kiasi kidogo chatosha. Maabara ile ilikuwa na mwalimu. Jikoni, bwenini na kambini mara nyingi hakuna hata mwalimu.

Kutokana na hayo napendekeza sheria tatu ambazo kila mwanafunzi anaweza kuzikariri. Kwanza, spiriti ipimwe katika chombo kidogo, chupa ifungwe na kupelekwa mbali, ndipo kiberiti kiwashwe. Kamwe isimiminwe kutoka katika chupa mbele ya jiko. Pili, moto ukizimika kabla ya wakati, jiko liachwe mpaka kisahani kiweze kuguswa kwa mkono bila kuunguza, ndipo spiriti iongezwe. Tatu, jiko liwashwe mahali penye hewa, wala si ndani ya hema au chumba kilichofungwa, kwa sababu moto usiopata oksijeni ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Liko onyo jingine ambalo mwalimu asilipite. Spiriti ya kuwashia hutiwa vitu vya kuifanya isinyweke, na mara nyingi kimojawapo ni methanoli. Mwilini methanoli hugeuzwa kuwa asidi ya fomiki, inayoudhuru mshipa wa fahamu wa jicho. Aliyeinywa aweza kupofuka au kufa. Rangi iliyotiwa ndani yake si pambo, ni ilani. Isihifadhiwe katika chupa ya soda au ya maji.

Huenda msomaji akauliza: je, jiko hili halijapitwa na wakati? Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaokusudia asilimia 80 ya wananchi watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema, wala siandiki ili turudi kwenye mafuta ya taa. Lakini spiriti haitaondoka pamoja na jiko la pampu. Imo katika taa za spiriti za maabara zetu. Imo katika dawa za kutakasia mikono zilizoenea tangu mwaka 2020, ambazo mojawapo ya michanganyiko iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ina ethanoli asilimia 80. Imo pia katika majiko ya alkoholi yanayohesabiwa miongoni mwa nishati safi. Mwali usioonekana na chupa isiyofungwa vitatufuata huko.

Aidha, ni vigumu kupata chombo kingine cha bei ndogo chenye mafundisho mengi namna hii. Ndani ya jiko moja mna kanieneo, kugeuka kwa kiowevu kuwa mvuke, joto mahususi, milinganyo ya kuungua na mchanganyiko wa gesi na hewa. Mwalimu asiye na jiko aweza kuanza kwa mililita 2 za spiriti katika kisahani cha bati, akaziunguza chini ya kopo lenye gramu 200 za maji. Joto lote lingeingia katika maji, halijoto ingepanda kwa digrii 50 hivi. Wanafunzi wapime imepanda kwa kiasi gani hasa, waeleze joto lililobaki limekwenda wapi, kisha walikinge kopo na upepo na kurudia. Mililita hizo 2 zipimwe na mwalimu kabla darasa halijaingia, na chupa ibaki kabatini chini ya kufuli.

Na mtihani unapotungwa, pamoja na kuuliza ethanoli huchemka kwenye digrii ngapi, na tuulize pia: mwenzako ameinama juu ya jiko akiwa na chupa ya spiriti mkononi, naye asema moto umezimika, utamwambia nini, na kwa sababu gani? Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo kwa usahihi amejifunza kemia.