KURA ZILIZOKWISHA KUINGIA SANDUKUNI



Kila uchaguzi unapokaribia, magazeti na redio hujaa hesabu. Fulani anaongoza kwa 45 kwa mia, fulani amerudi nyuma. Katika stesheni, karakana na nyumba zetu za reli watu hubishana juu ya hesabu hizo kana kwamba kura zimekwisha kuhesabiwa. Hesabu hizo huitwa kura za maoni, nazo si kura hata kidogo. Ni majibu ya watu wachache walioulizwa, basi. Sisi twataka kueleza jambo moja juu yake ambalo halitazamwi sana, nalo latuhusu sisi wafanya kazi wa zamu kuliko watu wengine: je, huyo aliyeulizwa alikuwa amekwisha kupiga kura? Na kama bado, atakuwapo siku ya kupiga?

Tutaanza na Marekani, kwa maana huko jambo hili laonekana wazi. Kabla ya uchaguzi mkuu, kila chama cha siasa hufanya uchaguzi wake wa ndani ili kumpata mtu mmoja wa kukisimamia. Majimbo hayapigi kura siku moja. Leo hili, juma lijalo lile. Kwa hiyo upepo waweza kugeuka njiani. Tena kuna kura ya posta. Mtu ambaye hatakuwapo kituoni huletewa karatasi, huijaza, hutia sahihi yake juu ya bahasha na kuirudisha. Hata mwaka 1864, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, askari wengi walipiga kura wakiwa mbali na kwao.

Sasa tazameni mambo ya Florida mwaka 2012, katika chama cha Republican. Tarehe 21 Januari Newt Gingrich alishinda South Carolina kwa 40 kwa mia, naye Mitt Romney akapata 28. Siku mbili tatu baadaye kura za maoni zikasema Gingrich anaongoza Florida pia, ambako uchaguzi ulikuwa tarehe 31. Aliyesoma kichwa cha habari tu alidhani Romney amekwisha. Lakini karatasi za posta za Florida zilikuwa mikononi mwa watu kabla ya South Carolina kupiga kura, na makumi ya maelfu zilikuwa zimekwisha kurudi. Watu wa Romney walikuwa na fedha na makarani, nao walikuwa wamewatafuta wapiga kura hao mapema. Kura iliyokwisha kutiwa katika bahasha haisikii habari mpya. Hata ilipofika siku yenyewe, watu zaidi ya 600,000 walikuwa wamekwisha kupiga kura, wengine kwa posta na wengine katika vituo vilivyofunguliwa mapema, kati ya watu kama 1,670,000 waliopiga wote. Romney akapata 46 kwa mia, Gingrich 32.

Hatusemi posta peke yake ndiyo iliyomshindisha. Romney alisema vizuri katika midahalo ya juma lile, na matangazo yake yalikuwa mengi mno. Twasema tu kwamba Gingrich aliingia katika mbio akiwa na deni, na kichwa cha habari hakikulitaja deni hilo.

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Wapiga kura ni 100. Wamekwisha kupiga 35: wa kwanza ana 18, wa pili ana 10, na 7 zimekwenda kwa wengine. Wamebaki 65. Gazeti linasema wa pili sasa anaongoza kwa 5 kwa mia katika hao waliobaki. Maneno matamu! Lakini 5 kwa mia ya watu 65 ni kura tatu na kitu, naye anadaiwa 8. Ameshindwa, na huku anashangiliwa.

Kuna na shida nyingine katika kuuliza kwenyewe. Mwulizaji huanza hivi: "Bwana, je, utakwenda kupiga kura?" Yule aliyekwisha kutuma bahasha yake hujibu kweli tupu: "La, siendi." Mwulizaji asiyekuwa mwangalifu humfuta katika orodha kama mtu asiyependa uchaguzi, na kumbe ndiye peke yake ambaye kura yake ni ya hakika. Wachunguzi hodari huuliza kwanza, "Umekwisha kupiga?" kisha huandika majibu ya watu hao mbali. Mkiona kura ya maoni isiyotenga hivyo, mahali ambapo posta imeanza, isomeni polepole.

Juu ya kukosea kwa kawaida hatutakaa sana. Wakiulizwa watu 600, jibu laweza kupungua au kuzidi kwa 4 kwa mia kwa kila mgombea. Basi aliye na 43 na aliye na 39 wako karibu sawa, wala hakuna anayeongoza kwa hakika. Na katika uchaguzi wa ndani ya chama shida huzidi, kwa sababu watu wanaokwenda ni wachache na ni vigumu kujua ni nani. Michigan, tarehe 8 Machi 2016, kura za maoni zilimpa Hillary Clinton mbele kwa kama 20 kwa mia, lakini Bernie Sanders akashinda kwa moja na nusu hivi.

Lakini tusiisifu kura ya posta bila kuonyesha ubaya wake. Mwaka 2020, katika chama cha Democratic, Pete Buttigieg alijitoa tarehe 1 Machi na Amy Klobuchar akajitoa tarehe 2. Tarehe 3 ilikuwa zamu ya California na majimbo mengine mengi. Wenye haraka walikuwa wamekwisha kutuma karatasi zao. Katika California pekee Buttigieg alipata kura zaidi ya laki mbili na Klobuchar zaidi ya laki moja, na wote wawili walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani. Kwa maoni yetu, mtu mwenye karatasi ya posta asiipeleke siku ya kwanza ikiwa wagombea bado ni wengi. Wala asingoje hadi ichelewe njiani.

Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi, nao ni wizi. North Carolina, mwaka 2018, katika wilaya ya 9 ya kuchagua mjumbe wa Congress, Mark Harris alimshinda Robert Pittenger katika uchaguzi wa ndani ya Republican kwa kura 828. Lakini katika kaunti moja ndogo, Bladen, kura za posta zilikuwa 456, na Harris alipata 437. Pittenger, ambaye alikuwa mjumbe tayari, alipata 17. Mtu yeyote aliyewahi kuhesabu tiketi angeuliza kulikoni, na wakati ule wengi hawakuuliza. Uchaguzi mkuu ulipopita ndipo ilipojulikana kwamba watu walilipwa kwenda nyumba kwa nyumba kuchukua bahasha za watu, jambo ambalo sheria ya huko ilikataza. Mwezi wa Februari 2019 halmashauri ya uchaguzi ya jimbo ikakataa matokeo ya uchaguzi mkuu wa wilaya ile, na kuamuru watu wapige kura upya.

Haya, na kwetu Kenya je? Hapa hakuna kura ya posta. Mtu hupiga kura katika kituo alichoandikishwa tu, na katika uteuzi wa vyama lazima uwe katika wadi yako, kwenye foleni, siku hiyo hiyo. Siku ya uchaguzi mkuu ni ya mapumziko, lakini treni haipumziki. Siku ya uteuzi hata mapumziko hayapo.

Hapo ndipo twaona mambo ya kwetu yamegeuka kinyume cha Florida. Kule kulikuwa na kura sandukuni ambazo wasomaji wa magazeti hawakuziona. Hapa kuna maoni katika magazeti ambayo sanduku halitayaona. Siku hizi waulizaji hupiga simu. Gadi aliyeandikishwa Kisumu na kufanya kazi Mtito Andei hujibu simu akiwa kazini, hutaja mgombea wake, naye huhesabiwa. Siku ikifika yuko zamu, na mgombea wake hapati kitu. Mlinzi wa usiku, mpishi wa hoteli, dreva wa lori, nesi, wote ni hivyo hivyo. Mwaka 2022 kura kadhaa za maoni zilimweka Raila Odinga mbele, mojawapo kwa 47 dhidi ya 41, naye William Ruto akatangazwa mshindi kwa 50.49 dhidi ya 48.85. Hatudai kwamba watu wa zamu ndio waliofanya tofauti hiyo. Lakini walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 22, na zaidi ya milioni 7 hawakupiga. Kati ya hao, ni wangapi waliokuwa kazini? Sheria yetu ya mwaka 2012 yamtaka mwenye kutangaza kura ya maoni aseme ni watu wangapi walioulizwa, na nani aliyelipa gharama. Ni sheria nzuri. Ingekuwa nzuri zaidi kama ingemtaka aulize, "Siku hiyo utakuwa wapi?"

Wengine hutuambia, "Hamisheni majina yenu mpige kura mnakofanya kazi." Ndiyo, sheria yaruhusu. Lakini mke na watoto wako nyumbani, shamba liko nyumbani, na bomba la maji lisilotoa maji liko nyumbani. Twende tumchague mjumbe wa wadi ambamo twalala tu? Mkenya aliyeko Doha alifunguliwa kituo cha kumchagua Rais mwaka 2022. Wafungwa nao wamemchagua Rais ndani ya gereza tangu 2017, nasi twaona ni haki yao. Basi mwenye kuendesha treni asikose.

Kwa hiyo twaomba halmashauri kuu ya Yunioni mambo mawili kabla ya uteuzi wa 2027. La kwanza, izungumze na waajiri ili orodha ya zamu ya siku ya uteuzi na ya siku ya uchaguzi ibandikwe mapema, watu wapate kubadilishana. La pili, ipeleke ombi kwa Tume ya Uchaguzi na kwa Bunge ili wafanya kazi wa zamu wapate njia ya kupiga kura wakiwa mbali, na ombi hilo liseme wazi kwamba hakuna mtu, awe wa chama cha siasa au wa Yunioni yetu wenyewe, atakayeruhusiwa kukusanya bahasha za wenzake. Lakini Tume itatuuliza, "Ninyi ni wangapi?" nasi leo hatuna jibu. Makatibu wa matawi na waanze kuandika: jina, stesheni ya kazi, na kituo cha kupigia kura.