Binti Aliyeacha Ugali



Miongoni mwa barua zilizofika mezani imo moja kutoka Sengerema ambayo nimeisoma mara tatu. Mwandishi wake ni mama wa watoto watano. Mumewe ni seremala, naye mwenyewe huuza dagaa sokoni. Binti yake wa kwanza, mwenye umri wa miaka 19, ni mkimbiaji wa masafa marefu. Hutoka kila alfajiri kabla jua halijachomoza, na nia yake ni kukimbia nusu marathoni katika Rock City Marathon ya Mwanza. Tangu miezi mitano iliyopita binti huyo ameacha kula ugali. Ameacha pia wali, maharage, chapati na maziwa. Asema amefundishwa na wenzake ulaji uitwao Paleo, yaani ulaji wa watu wa Zama za Mawe, na kwamba mwanadamu hakuumbwa kula nafaka. Chakula chake sasa ni samaki, mayai, mboga za majani na matunda, na kitoweo kilichokuwa kikiwatosha watu saba kimekuwa cha kugombewa. Mwishoni, kwa mwandiko mdogo kuliko wa barua nzima, mama anaongeza kwamba binti amekonda, huchoka upesi, na hajaingia mwezini kwa miezi minne.

Mama ameliweka hilo mwisho. Mimi nitaanza nalo, kwa kuwa ndilo lisilongoja.

Msichana anayefanya mazoezi mengi huku akila kidogo kuliko anachotumia, mwili wake hulazimika kubana matumizi. Huyaacha kwanza yale ambayo unaweza kuishi bila kuyafanya leo, na uzazi ni mojawapo. Ndipo hedhi hukoma. Zipo jamii za wakimbiaji ambamo jambo hilo huchukuliwa kuwa dalili ya mazoezi mazuri. Si kweli hata kidogo. Hedhi ikikoma kwa sababu hiyo, ile homoni inayolinda mifupa nayo hupungua, na mifupa ya msichana wa miaka 19, ambayo ingekuwa bado ikijijenga, huanza kudhoofika. Matokeo yake ni nyufa katika mifupa ya miguu zinazotokea bila kuanguka wala kugongwa. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitangaza hali hii kuwa tatizo la kiafya la wanamichezo, wanawake kwa wanaume, na ikasema wazi kwamba chanzo chake ni upungufu wa nishati.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba binti apelekwe hospitali. Atapimwa mimba, mama asikasirike wala binti asione aibu, maana ndivyo daktari yeyote anavyoanza. Aombe pia kupimwa wekundu wa damu, kichocho na minyoo. Sisi wa mwambao wa Ziwa Victoria twajua kwamba maji yale yale yanayotupa sato hutupa na kichocho, na uchovu wa mkimbiaji huenda ukawa na chanzo zaidi ya kimoja.

Sasa tuje kwenye hoja ya binti yenyewe, kwani si hoja ya kipumbavu, na haifai kujibiwa kwa kelele za jikoni.

Ulaji huu una wasomi wake. Mwaka 1985 Waamerika wawili, S. Boyd Eaton na Melvin Konner, waliandika katika jarida la udaktari kwamba mwili wa binadamu ulijijenga katika mamia ya maelfu ya miaka ya kuwinda na kuokota, ambapo kilimo kina umri wa miaka elfu kumi hivi tu. Hivyo maradhi mengi ya leo, kama kisukari na ya moyo, yatokana na mwili wa kale kulishwa vyakula vipya. Mwaka 2002 Loren Cordain aliieneza fikra hiyo kwa kitabu kilichosomwa na wengi, akakataza nafaka, jamii ya kunde, maziwa, sukari na chumvi. Lipo la kweli humo. Anayeacha soda, maandazi na vyakula vya makopo akala samaki na mboga, hatadhurika kwa kuviacha.

Lakini tazama meza ya Sengerema. Muhogo, viazi vitamu, mahindi, nyanya na mapapai asili yake ni bara la Amerika, navyo havikuwa na njia ya kutufikia kabla ya meli za Wareno. Ndizi na maembe chanzo chake ni Asia. Kuku anayetaga mayai ya binti huyu alifugwa kwanza huko huko Asia. Sangara hakuwamo katika ziwa letu. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na 1960, na sato naye aliletwa katika miaka ya 1950. Samaki wa asili ni ngege, furu, kambale, kamongo na dagaa. Kwa hiyo binti anayekula sato na papai ili awe kama mtu wa Zama za Mawe anakula chakula kipya kuliko mtama anaoukataa. Na mtama huo! Mwaka 2009 mtafiti Julio Mercader alieleza kwamba zana za mawe zilizofukuliwa katika pango moja la Msumbiji, upande wa Ziwa Nyasa, zilikutwa na chembe za wanga wa mtama, na umri wake ni kama miaka 100,000. Nafaka haikungoja jembe ili iliwe.

Maziwa nayo yana kisa chake. Watu wengi duniani wakishakuwa wakubwa hushindwa kuyasaga maziwa tumboni. Lakini mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wafugaji wengi wa Tanzania na Kenya wamerithi badiliko linalowawezesha kuyasaga maisha yao yote, na kwamba badiliko hilo lilitokea kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita. Yaani mwili haukusimama pale ulipokuwa enzi za mawe. Uliendelea kujifunza, na ulijifunza papa hapa kwetu.

Tena, ikiwa twataka kumwona mtu anayeishi kwa kuwinda na kuokota, hatuna haja ya kununua kitabu cha Marekani. Wahadzabe wako kandokando ya Ziwa Eyasi, si mbali sana na Usukuma. Hula nyama wanapoipata, lakini pia hula mizizi inayochimbwa na akina mama kwa vijiti, ubuyu, matunda madogo ya porini, na asali kwa wingi. Asali ni sukari, na mizizi na ubuyu vina wanga. Herman Pontzer, aliyewapima na kuchapisha matokeo mwaka 2012, aliona kwamba wanaume wao hutembea kilomita 11 hivi kwa siku na wanawake karibu kilomita 6. Ni mwendo mwingi, lakini ni wa kutembea. Hakuna Mhadzabe anayetoka alfajiri kukimbia kilomita 20 mbio mbio halafu akarudi nyumbani bila kubeba chochote.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mkimbiaji wa masafa marefu hutumia nguvu inayotokana hasa na wanga uliowekwa akiba katika misuli na katika ini, kwa jina la glaikojeni. Akiba hiyo ni ndogo: kama gramu 400 katika misuli na 100 katika ini, sawa na kalori 2,000 hivi. Kukimbia kilomita moja humgharimu mtu karibu kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake, na marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Mwenye uzito wa kilo 60 akipiga hesabu ataona kwa nini wengi huishiwa miguu zinapobaki kilomita kumi. Mafuta ya mwilini yapo tele, lakini huungua polepole na hudai hewa zaidi.

Mwaka 1967 wataalamu wa Uswidi, akina Bergström na Hultman, waliwapandisha watu kwenye baiskeli isiyokwenda popote, wakawaambia wapige pedali mpaka washindwe. Waliolishwa nyama na mafuta bila wanga walidumu wastani wa dakika 57. Kwa chakula cha mchanganyiko walidumu dakika 114. Kwa chakula chenye wanga mwingi, dakika 167. Watu walikuwa wale wale; kilichobadilika ni sahani. Wapo waliosema kwamba mwili ukizoeshwa kwa majuma kadhaa utajifunza kutumia mafuta. Ni kweli hujifunza. Lakini mwaka 2017 Louise Burke wa Australia aliwafanyisha mazoezi mashujaa wa mwendo wa kasi kwa majuma matatu. Waliokula wanga waliboresha muda wao wa kilomita 10 kwa zaidi ya asilimia 5, na waliokula mafuta hawakuboresha chochote, maana kila hatua iliwadai hewa nyingi zaidi.

Na majirani zetu Wakenya, wanaotushinda mara nyingi, wanakula nini? Vincent Onywera na wenzake waliwafuatilia wakimbiaji 10 wa daraja la juu kwa siku saba, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Zaidi ya robo tatu ya nguvu yote waliyopata ilitoka katika wanga: ugali, wali, viazi, mkate, na chai yenye sukari. Ugali haukuwazuia.

Jambo ambalo wenzake huenda hawakumwambia binti huyu ni kwamba Cordain mwenyewe, pamoja na mwalimu wa michezo Joe Friel, waliandika mwaka 2005 kitabu kingine kwa ajili ya wanamichezo, wakakubali kwamba mtu wa mazoezi marefu hana budi kula wanga kabla, wakati na baada ya mazoezi. Mwenye shamba ameacha mlango wazi; mpita njia ndiye anayeufunga.

Tufanye hesabu ya nyumbani. Mkimbiaji mwenye kilo 50, afanyaye mazoezi zaidi ya saa moja kila siku, anahitaji takriban gramu 300 za wanga kwa siku. Hizo zapatikana katika gramu 400 za unga wa sembe au wa mtama, au kilo moja na nusu ya viazi vitamu vya kuchemsha. Unga huo hutoa kalori 1,400 hivi. Ili azipate kalori hizo katika samaki asiye na mafuta mengi, atahitaji karibu kilo moja na nusu ya mnofu mtupu, bila miiba wala kichwa. Kila siku. Huyo ndiye samaki wa wadogo zake wanne, ambao wako katika umri wa kujengwa miili na wanamhitaji kuliko yeye. Sisemi kwamba binti ana ubinafsi. Nasema kwamba hesabu hii hakuonyeshwa.

Nampendekezea mama asishindane naye juu ya jina la ulaji. Kama binti anapenda kubaki na Zama za Mawe, abaki nazo, lakini ale viazi vitamu, ndizi za kupika na muhogo mpaka ashibe, mara tatu kwa siku. Wasukuma tayari wanacho chakula cha mkimbiaji: michembe, na hasa matobolwa, viazi vilivyochemshwa kisha vikaanikwa. Kwa kuwa maji yametoka, gramu 100 za matobolwa hubeba wanga mara nne hivi kuliko kiazi kibichi cha uzito huo, na haziozi mfukoni. Dagaa aliwe mzima pamoja na mifupa yake, kwani humo ndimo mlimo chokaa ambayo angeipata katika maziwa aliyoyaacha. Majani ya kunde, yale yakaushwayo na kuitwa nsansa, yana madini ya chuma. Yaliwe pamoja na limau au tunda chachu ili mwili uyapokee.

Juu ya muhogo nina neno la tahadhari. Muhogo mchungu una sumu, na udaga usiolowekwa siku za kutosha huibakiza. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilayani Tarime watu kadhaa walipooza miguu ghafla kwa ugonjwa wa konzo, baada ya kula muhogo ulioandaliwa kwa haraka huku kitoweo kikiwa haba. Mkimbiaji alaye muhogo mwingi ale mtamu, au udaga ulioloweka na kuchachuka sawasawa, tena pamoja na samaki.

Mazoezi nayo yapunguzwe mpaka hedhi irudi na daktari aridhike. Hilo litamuuma kuliko ugali. Baba naye aketi katika mazungumzo hayo. Wasichana wengi husikia zaidi neno la kupumzika likitoka kwa yule waliyedhani anataka ushindi tu. Vijana wana haki ya kuota. Magdalena Shauri alikuwa wa tatu katika Berlin Marathon mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41, na Septemba 2025 Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03.

Daktari akimruhusu, siku ya mashindano asijaribu chakula chochote kigeni. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kungoja kivuko Busisi, basi hana sababu ya kuondoka bila kula: viazi au ugali laini saa tatu kabla ya kuanza, maji, na matobolwa machache ndani ya leso.