Kashata Haihitaji Mkalimani

Mfanyabiashara mmoja aliniletea karatasi ya kutafsiri. Yalikuwa ni maelezo ya pakiti ya chakula kitokacho ng'ambo, kipande cha tende, nafaka na karanga kilichogandishwa kwa sukari, ambacho siku hizi huuzwa kwa vijana wanaoendesha baiskeli Jumapili kutoka Dar es Salaam kuja Bagamoyo. Nikavisoma viungo vyake, kisha nikaandika juu: "Kashata ya safari." Hakupendezwa. Akaniambia, kwa adabu zote, "Maalim, nikiiita kashata mteja ataniuliza kwa nini haiuzwi bei ya kashata." Alitaka iitwe "baa ya nishati". Nikamjibu kuwa katika Kiswahili tulichokikuta kwa wazee, baa ni msiba unaowashukia watu wengi kwa pamoja, ndiyo maana husemwa baa la njaa. Na kwamba katika Kiswahili cha vijana wake baa ni mahali pa kunywea pombe. Chakula chake kingekuwa ama balaa ama kilabu. Kazi akampa mwingine.

Siandiki haya kwa kuikosa ijara ile. Naandika kwa kuwa jibu lake lilikuwa la kweli, na ukweli wake ndio unaouma. Kitu kile kile, chenye viungo vile vile, kikiitwa kwa jina la kwetu hushuka bei, na kikiitwa kwa jina lisilo na maana hupanda. Hapo hatubishani tena juu ya chakula. Tunabishana juu ya heshima ya lugha, na nyuma ya lugha, juu ya haki ya mwanamke aliyekesha akikaanga karanga.

Wapenzi wa ushairi huenda wakauliza: baiskeli na vitafunio vinatuhusu nini? Naomba wanisikilize kidogo. Sisi watu wa mrima tunakaa penye mwisho wa njia ndefu kuliko zote zilizokanyagwa kwa miguu katika nchi hii. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Ujiji na Tabora ikaishia hapa Bagamoyo, na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya kiasi cha kilo 30 kwa miezi. Watu hao hawakutembea kwa upepo. Walikuwa na posho, yaani kipimo cha chakula cha siku, na kipimo chenyewe kilijulikana: kibaba cha nafaka kwa mtu. Na aliyejiandalia safari yake alisema ana masurufu.

Sasa yatazame maneno haya mawili yamekwenda wapi. Posho leo ni fedha ya kukaa kwenye semina ukisinzia. Masurufu ni fedha anayokabidhiwa mtumishi wa serikali kabla ya safari, ambayo akirudi lazima airejeshee hesabu. Maneno yote mawili yameuacha mfuko wa msafiri yakahamia ofisini, nasi hatukuona kitu. Kisha tunalalamika kuwa Kiswahili hakina neno la chakula cha kutia nguvu njiani! Neno lilikuwapo, nasi tukalifanya karani.

Nao waendesha baiskeli wa masafa marefu hawakuanza na vijana wenye kofia ngumu na miwani ya rangi. Barabara ya Bagamoyo, kupitia Kiromo, Zinga, Kerege, Mapinga na Bunju hadi mjini, ni safari ya kilomita 70 hivi. Kwa miaka mingi imepitwa na watu waliofunga magunia ya mkaa kwenye vyuma vya nyuma mpaka baiskeli ikafichika, na wachuuzi wa samaki wenye matenga, wanaoshindana na jua kabla samaki hawajaharibika. Baiskeli zao ni nzito, hazina gia, na mzigo unaweza kumzidi mpandaji uzito. Hao hawajapata kuitwa wanamichezo. Lakini waulize wanakula nini njiani, utapata elimu: muhogo wa kuchemsha asubuhi, chai yenye sukari nyingi, kashata mfukoni, ndizi mbivu, miwa, dafu. Hakuna aliyewafundisha darasani kuwa mwili unataka sukari kidogo kidogo bila kusubiri njaa.

Hivyo ndivyo wasemavyo wataalamu wa leo. Akiba ya sukari iliyomo kwenye misuli na ini inamtosha mtu anayejikaza kwa saa moja na nusu, labda mbili. Ikiisha, miguu hugeuka mchanga na kichwa kikawa kizito. Kwa hiyo hushauriwa kula gramu 30 hadi 60 za wanga au sukari kila saa, na katika safari inayozidi saa mbili na nusu waliozoea wanaweza kufika gramu 90, kwa sharti kwamba sukari hizo ziwe za namna mbili, glukosi na fruktosi, kwa sababu utumbo unazo njia mbili tofauti za kuzipokea. Kampuni huandika jambo hili kwenye pakiti kwa herufi kubwa kana kwamba ni siri iliyonunuliwa kwa dhahabu. Lakini sukari ya kawaida ya dukani ni glukosi na fruktosi nusu kwa nusu. Tende vivyo hivyo inazo zote mbili kwa viwango vinavyokaribiana, na asali pia. Bibi aliyekoroga shira ya kashata alikuwa na njia mbili ndani ya sufuria moja.

Na hicho kipande cha ng'ambo kilizaliwa wapi? Mkimbiaji wa Kanada, Brian Maxwell, aliishiwa nguvu katika mbio za marathoni za London mwaka 1983, wakati akitumaini kushinda. Akarudi California, na pamoja na mwenzake Jennifer Biddulph, ambaye baadaye alikuwa mkewe, wakahangaika jikoni kwao wakichanganya nafaka na sukari mpaka mwaka 1986 wakaanza kuuza PowerBar. Mwaka 2000 Nestlé ikainunua kampuni yao. Chakula cha jikoni, basi! Tofauti yake na kashata ni kwamba jiko lile lilipata mnunuzi mkubwa, na jiko la uswahilini lilipata mteja anayeona haya kununua.

Lipo la kuchekesha zaidi. Waendesha baiskeli wa kulipwa wa Ulaya, ambao vijana wetu wanawaiga hata rangi za soksi, siku nyingi wamekuwa wakila njiani vipande vya wali. Wali mzito wenye sukari hushindiliwa kwenye sinia, hukatwa vipande, hufungwa kwenye karatasi, na hupakiwa kwenye mfuko wa mgongoni. Mtaalamu wa mwili Allen Lim na mpishi Biju Thomas wakatunga kitabu kizima cha vyakula vya aina hiyo mwaka 2013. Tukiusoma upishi wao tutawajua jamaa zake: kitumbua, na mkate wa kumimina wenye tui na iliki. Mabingwa wanatafuta mchele. Watoto wa nchi ya mchele wanatafuta bomba la jeli.

Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara hili, na wanaume walikimbia kilomita 267.5 juu ya vilima. Nilifurahi kuona namna vijana wa huku walivyochangamka, na tangu hapo njia yetu ya Jumapili imepata wageni zaidi. Siwachukii. Nawachukia wanaowauzia aibu. Kijana anapita Mapinga, pembezoni mwa barabara kuna mama ana sinia la karanga na kashata, naye anasimama palepale, anatoa mfukoni kijipakiti, anakikamua mdomoni, anakitupa majanini. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na bara tukafuata tarehe 1 Juni 2019. Lakini vijipakiti vinavyotoka kiwandani na bidhaa ndani yake havikuguswa na marufuku hiyo, navyo sasa vimelala baina ya mikorosho.

Sitaki kusingizia kuwa kila cha kwetu kinafaa kila mahali. Mtu anayeshindana, pumzi juu juu, hawezi kutafuna. Jeli kwake ina kazi, na asiyekubali hivyo hajawahi kuona mashindano. Karanga na nazi zina mafuta mengi, na mafuta hukawia tumboni. Kwa mwendo wa haraka yatamletea mtu kichefuchefu, bali kwa mwendo wa saa sita wa kistaarabu ni nguvu ya kudumu. Kitumbua chenye tui kikilala kwenye joto la mfukoni hadi alasiri huchacha, basi kiliwe kabla jua halijapanda. Na dafu, ambalo sote tunalitukuza, lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, ilhali jasho hutoa sodiamu zaidi. Anayekunywa dafu tupu au maji matupu mchana kutwa anaweza kuipunguza chumvi ya damu yake mpaka akaumwa kichwa, na ikizidi akaanguka. Dawa yake ni kinyunyizo cha chumvi, nayo chumvi huvunwa hapa hapa Bagamoyo kwa jua na maji ya bahari. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, ukiitia chumvi kidogo, ni kinywaji ambacho sijaona sababu ya kukivukisha bahari.

Kwa wanaosema kuwa jikoni hakuna vipimo, nawapa kipimo. Chukua nusu kilo ya tende zilizokwisha kutolewa kokwa. Kaanga karanga gramu 150, uzipepete maganda, uzitwange zisiwe unga. Kaanga ufuta gramu 100 mpaka uanze kurukaruka na kunukia. Twanga tende kinuni pamoja na punje chache za iliki na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisha changanya vyote kwa mkono. Shindilia kwenye sinia, acha usiku kucha, asubuhi kata vipande 20. Kila kipande kitakuwa na kiasi cha gramu 20 za sukari na wanga. Viwili au vitatu kwa saa vinatosha. Funga kwa jani la mgomba lililobabuliwa motoni ili lilainike. Anayetaka kashata ya asili na ayeyushe sukari kwa maji kidogo, aivute shira mpaka itoe uzi, amimine karanga, atandaze kwenye sinia lililopakwa mafuta, akate ingali moto kabla haijamdhihaki kwa ugumu.

Shira, kuvuta uzi, kupepeta, kubabua, kokwa: nimeyataja makusudi. Hapa ndipo ninapowageukia watunzi wenzangu. Tunaandika beti juu ya majahazi ambayo hatujayapanda na miskiti ya Kaole ambayo tumeiona kwenye picha, na vina vyetu vinazidi kuwa vile vile, bahari na safari, moyo na poyo. Kumbe msamiati ulio hai uko jikoni na kando ya barabara, nao unakufa kwa sababu ile ile iliyomfanya mfanyabiashara yule aikatae kashata. Neno halifi kwa kukosa kamusi. Hufa pale mwenye nalo anapoona haya kulitamka mbele ya mteja. Mtoto atakayekua akila "baa" hatajua shira ni nini, na siku atakapokutana nayo katika utenzi wa zamani atahitaji maelezo chini ya ukurasa, juu ya kitu kilichokuwa kikichemka nyumba ya tatu kutoka kwao.

Na nyinyi wa visiwani msicheke mkidhani hili ni la mrima peke yake. Halua yenu imeanza kuuzwa kwa watalii ndani ya maboksi yenye maandishi ya Kiingereza pande zote, na ubuyu wenu umegeuka unga wa "afya" unaorudi kwetu kwa bei ya dawa.

Ninalodai ni dogo. Vyama vya waendesha baiskeli vinavyopanga safari za kuja huku viweke vituo vyao kwa wanawake wauzao karanga, kashata na miwa, vilipe bei ya haki bila kuomba kupunguziwa, na viyaandike majina ya vyakula hivyo kwenye ratiba kama yalivyo. Watafsiri wenzangu wakiletewa karatasi kama ile, waandike kashata, na wakikataliwa warudishe karatasi.

Na wale vijana ambao hawaridhiki na Bagamoyo, wakataka kuendelea kwa barabara ya Msata, kilomita 64 zaidi, wajue kuwa kivuli huko ni haba na jua halina huruma. Watapita Kiwangwa. Kama ni msimu, wasimame wanunue nanasi, lakini wamwombe muuzaji alikate vipande virefu na kulinyunyizia chumvi, wala wasimwambie kuwa hiyo ni nishati. Atawashangaa.